Udongo na Msingi: Kusoma Dalili za Nyumba Inayosogea, Kabla ya Kununua na Baada ya Kujenga

Malalamiko kuhusu misingi ya nyumba hujirudia. Ufa umezibwa na kupakwa rangi, nao umerudi palepale. Mlango unaofungika vizuri wakati wa kiangazi unagoma mvua zinapoanza. Sakafu inalia kitupu ikigongwa. Mnunuzi aliyekabidhiwa nyumba yenye plasta mpya anagundua, baada ya msimu mmoja tu wa mvua, kwamba plasta ile ilikuwa imefunika jambo. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata dalili hizo, kila moja na visababishi vyake kuanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra, ili mwenye nyumba, na pia mwekezaji anayekagua mali, aanze na ukaguzi usiogharimu kitu kabla ya kufikia kazi nzito.

Kuna jambo moja linalopita katika karibu dalili zote, nalo ni maji. Udongo uliobeba nyumba kwa miaka mingi bila tatizo hauamki siku moja ukawa dhaifu. Kwa kawaida kuna kitu kilichobadilisha kiasi cha maji yaliyomo ndani yake, iwe ni bomba lililopasuka, gata iliyoziba, mti uliokua, mti uliokatwa au jirani aliyegeuza mkondo wa maji ya mvua. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza gharama ya kuziba ufa, uliza maji yameongezeka au yamepungua wapi, na tangu lini.

Kwanza tambua udongo, kisha pima mwendo

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo mno, zisizofikia milimita 0.002, nao huvimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Udongo wa kichanga hauvimbi, lakini maji yanayopita kwa kasi huuhamisha na kuacha uwazi chini ya msingi. Udongo wenye mboji nyingi huendelea kuoza na kubonyea kwa miaka. Kifusi, yaani udongo ulioletwa na kumwagwa, kinategemea kabisa jinsi kilivyoshindiliwa, na mara nyingi hakuna anayekumbuka kama kilishindiliwa au la.

Ili kujua unasimama juu ya upi, chukua udongo kutoka kina cha msingi, kwa kuwa ule wa juu wenye mizizi hautakuambia kitu. Jaza theluthi ya chupa angavu yenye kuta zilizonyooka, ongeza maji karibu hadi juu, tikisa kwa nguvu kisha uiache mahali tulivu. Mchanga hutulia chini ndani ya dakika moja hivi, tope laini hufuata kwa saa chache, na mfinyanzi huyaacha maji yakiwa na ukungu kwa siku nzima au zaidi. Baada ya hapo lowanisha kipande kingine cha udongo huohuo na ukiviringishe juu ya kioo kwa kiganja. Kama unaweza kukifanya kiwe uzi wa unene wa milimita 3 bila kukatikakatika, una mfinyanzi wa kutosha kukushughulisha. Kipimo hicho cha uzi kinatokana na kazi ya mwanakemia wa Uswidi, Albert Atterberg, ya mwaka 1911, na maabara za udongo bado hukitumia katika kukadiria jinsi udongo utakavyoitikia maji.

Hatua ya pili ni kupima mwendo wa ufa. Chora kwa penseli mstari mfupi unaokatiza ncha ya ufa na uandike tarehe kando yake. Kisha toboa skrubu mbili, moja kila upande wa ufa, na upime umbali kati ya vichwa vyake kwa rula ya chuma kila mwezi. Wapo wanaogandisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika utajua kwamba ukuta umesogea, ila hutajua umesogea kuelekea wapi wala kwa kiasi gani, ndiyo maana skrubu ni bora. Kwenye mfinyanzi upimaji uchukue mwaka mzima, kwa kuwa ufa unaopanuka kiangazi na kujifunga mvua zikija una maana tofauti kabisa na ule unaopanuka tu bila kurudi.

Kuhusu upana, uainishaji wa Building Research Establishment, taasisi ya utafiti wa majengo ya Uingereza, ni msaada mzuri. Ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana, na ule wa hadi milimita 5 ni wa kurekebishwa kwa kazi ya kawaida. Kati ya milimita 5 na 15 uharibifu ni wa wastani, na milango huanza kukwama. Kuanzia 15 hadi 25 ni mkubwa, na ukizidi 25 huenda sehemu ya ukuta ikalazimika kujengwa upya. Hata hivyo vipimo hivi vinaeleza ugumu wa matengenezo, wala havielezi kisababishi. Binafsi ningeogopa zaidi ufa wa milimita 2 unaokua kuliko ufa wa milimita 6 ambao kingo zake zimeingia vumbi na rangi ya zamani, kwa sababu wa pili umekwisha kusema yake.

Dalili ya kwanza: nyufa zinazopanda kwa ngazi kutoka pembe za madirisha na milango

Kabla ya visababishi, soma umbo la ufa. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini hutokea pale ncha za nyumba zinaposhuka, au katikati yake inapoinuka. Ufa ulio mpana chini na mwembamba juu huonyesha kwamba katikati inashuka. Ufa wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho mara nyingi hauhusiani na msingi kabisa.

Kisababishi cha kawaida kuliko vyote ni kukauka kwa plasta na matofali ya saruji, pamoja na kutanuka na kusinyaa kwa ukuta kutokana na joto. Nyufa za aina hii ni nyembamba, zina upana sawa na nyingi hujitokeza mapema katika maisha ya jengo. Zisubiri zitulie, zizibe, upake rangi. Inasikitisha kuona watu wakiuziwa kazi ya kuimarisha msingi kwa sababu ya nyufa kama hizi.

Kisababishi cha pili, na cha kwanza katika vile vinavyohusu udongo, ni maji yanayokusanyika kwenye pembe moja ya nyumba. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Hivyo paa la mita 120 za mraba likinyeshewa mvua ya milimita 50 hutoa lita 6,000. Kama gata zote zinateremkia bomba moja, na bomba hilo linaishia kwenye udongo ulio wazi chini ya ukuta, pembe hiyo inapokea lita 6,000 kwa siku moja huku pembe nyingine zikibaki kavu. Ukaguzi wake ni rahisi: toka nje mvua ikinyesha na uyafuate maji kwa macho hadi yanakoishia. Tazama kama gata zimejaa majani, kama mteremko wa ardhi unarudi kwenye nyumba, kama kuna shimo lililochimbwa na matone chini ya ukingo wa bati. Ardhi ishuke angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani, na maji ya bomba la mvua yapelekwe mbali zaidi ya hapo. Kisha funga mabomba yote ya ndani, soma mita ya maji, subiri saa mbili bila kutumia maji na uisome tena. Ikisogea, kuna bomba linalovuja ardhini.

Cha tatu ni mti. Kwenye mfinyanzi, mizizi huvuta maji na kuusinyaza udongo ulio chini ya msingi, na hatari ni kubwa pale mti ulipo karibu na ukuta kuliko kimo chake cha utu uzima. Hapa wengi hukimbilia shoka, na hapo ndipo wanapoweza kuongeza tatizo. Mti mkubwa ulioukausha mfinyanzi kwa miaka mingi ukikatwa ghafla, udongo huanza kunywa tena maji na kuvimba, na uvimbe huo unaweza kuendelea kwa miaka kadhaa na kuinua upande uleule uliokuwa umeshuka. Kama mti ulikuwepo kabla ya nyumba, usiukate kabla mhandisi hajatoa kauli. Kupunguza matawi kwa awamu huwa salama zaidi.

Cha nne ni msingi ulioegemea udongo wa aina mbili. Hili hutokea sana kwenye kiwanja cha mteremko kilichosawazishwa kwa kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini: nusu ya nyumba inakaa juu ya ardhi asilia na nusu juu ya kifusi. Ufa huwa karibu na mstari wa makutano, na hupasua ukuta wa mbele na wa nyuma sehemu moja. Cha tano ni uzito mpya, kama vile ghorofa iliyoongezwa juu ya msingi uliokusudiwa nyumba ya chini, au chumba kipya kilichounganishwa moja kwa moja na jengo la zamani bila kuachiwa nafasi ya kusogea. Cha nadra ni uchimbaji wa jirani, machimbo ya zamani au mapango ya chini ya ardhi.

Marekebisho ya kina, endapo mwendo haukomi hata baada ya maji kudhibitiwa, ni kuuteremsha msingi hadi udongo imara. Kazi hii hufanywa kwa vipande vifupi vya takriban mita moja, visivyopakana, na kipande kimoja humwagwa zege na kukomaa kabla ya kinachofuata kuchimbwa.

*Simama na umwite mhandisi* ikiwa ufa umezidi milimita 5 na unakua, ikiwa unapita ndani na nje ya ukuta mmoja, au ikiwa pande zake mbili haziko tena usawa mmoja ukizipapasa kwa kidole. Usimruhusu fundi yeyote kuchimba mtaro mrefu kando ya msingi "ili auone vizuri". Kuta zimeanguka kwa namna hiyo.

Dalili ya pili: milango na madirisha yanakwama kwa msimu

Anza na mbao zenyewe. Mbao huvimba hewa ikiwa na unyevu, na hicho ndicho kisababishi cha mara nyingi. Funga mlango na utazame mwanya kati yake na fremu: kama umepungua sawasawa pande zote, ni mbao. Kama mwanya ni mpana pembe moja na umekwisha pembe nyingine, fremu imepinda, na fremu haipindi bila ukuta kusogea. Timazi itathibitisha. Milango ya chuma ikikwama pia, mbao hazina kosa.

Kinachofuata ni mfinyanzi unaovimba, na hapa panastahili maelezo marefu kidogo kwa kuwa ndipo uwekezaji mwingi hupotelea. Nyumba ikishajengwa hufunika ardhi iliyo chini yake, ikaikinga na mvua na jua. Udongo wa katikati hubaki na unyevu unaokaribia kuwa wa daima. Udongo wa pembeni haukingwi. Mvua ikinyesha kingo huvimba na kuinua kuta za nje. Kiangazi kikizidi husinyaa na kuziacha zining'inie. Nyumba ile hupindwa juu na chini mwaka hadi mwaka, na mlango huwa wa kwanza kulalamika. Kina cha udongo kinachoathirika hutofautiana na hali ya hewa, lakini mara nyingi ni kati ya mita 1 na 3, na katika sehemu kame huzidi hapo. Msingi wa nusu mita uliochimbwa kwa mazoea umo ndani kabisa ya eneo linalosogea. Tena nyumba nyepesi huumia kuliko nzito, maana mfinyanzi unaovimba huweza kuinua uzito mkubwa kuliko ule wa nyumba ya kawaida ya chini.

Tiba rahisi ni kuufanya unyevu usibadilikebadilike. Jenga njia ya zege isiyopitisha maji kuizunguka nyumba, yenye upana wa mita 1 hadi 1.5 na inayoteremka kwenda nje. Ondoa bustani zinazomwagiliwa zilizogusana na ukuta. Weka viungo vinavyonyumbulika pale mabomba yanapoingia nyumbani, kwa sababu bomba linalokatwa na mwendo wa udongo humwaga maji na kuuchochea mwendo uleule. Kosa la kuepuka ni kuumwagilia upande mmoja uliopasuka ili "urudi". Utarudi bila mpangilio.

Kwa anayejenga upya kwenye udongo kama huo, njia ni nne: kuondoa mfinyanzi na kujaza udongo usiovimba ulioshindiliwa vyema, kuuchanganya na chokaa ambayo hupunguza uwezo wake wa kuvimba, kujenga jamvi zito la zege lenye nondo na mihimili ili nyumba isogee kama kitu kimoja, au kushusha nguzo za zege hadi chini ya eneo linalosogea. Uchaguzi kati ya hizi ni kazi ya mhandisi mwenye majibu ya maabara mkononi, hasa kipimo cha unyumbufu wa mfinyanzi, yaani upana wa kiasi cha unyevu ambamo udongo hufinyangika; thamani inayozidi 35 kwa kawaida huonyesha uwezo mkubwa sana wa kuvimba.

Dalili ya tatu: sakafu imeshuka, inalia kitupu au imeinuka katikati

Chukua mpini wa nyundo na ugonge sakafu hatua kwa hatua, ukitia alama ya chaki pale sauti inapobadilika na kuwa ya kitupu. Kisha tazama makutano ya sakafu na ukuta. Kama kuna mwanya chini ya ukuta lakini ukuta wenyewe hauna ufa, kilichoshuka ni sakafu, msingi haujaguswa. Tofauti hii huokoa fedha nyingi.

Sakafu iliyoshuka kwa kawaida hutokana na kosa moja: kifusi kilijazwa kwa mkupuo kikashindiliwa juu tu. Kushindilia kwa haki hufanywa kwa tabaka za milimita 150 hadi 200, kila moja ikiwa na unyevu unaofaa, kabla ya inayofuata kumwagwa. Baada ya hilo hufuata bomba la maji safi au maji taka linalovuja chini ya sakafu na kuusafirisha udongo. Harufu, sehemu yenye ubaridi au wadudu wanaotoka mahali pamoja huwa ni viashiria. Cha tatu ni kifusi kilichochanganyika na mizizi, mbao au takataka zinazooza. Sakafu iliyoinuka, kwa upande wake, huelekeza kwenye mfinyanzi uliovimba, na mara chache kwenye kifusi chenye chumvi za salfeti zinazotanuka zikikutana na maji na saruji.

Kupima kiasi cha mshuko hakuhitaji mashine. Mpira mwembamba angavu uliojazwa maji, ambao mafundi hutumia kuhamisha usawa, unatosha: weka ncha moja kwenye alama ya kudumu ukutani, tembeza ncha nyingine kila pembe ya chumba na uandike tofauti. Hakikisha tu hakuna kipovu cha hewa ndani ya mpira, la sivyo utafukuza tatizo lisilokuwepo. Tofauti ya mshuko kati ya nguzo au kuta mbili ikifika sehemu 1 kwa 300 ya umbali kati yake, kuta zinaanza kupasuka; ikifika 1 kwa 150, fremu ya jengo lenyewe iko hatarini. Kwa umbali wa mita 5, hiyo ni takriban milimita 17 na milimita 33.

Uwazi mdogo hujazwa kwa uji wa saruji unaosukumwa kupitia matundu. Uwazi mkubwa, au kifusi kinachooza, hudai sakafu ivunjwe, kifusi kitolewe na kazi ianze upya kwa tabaka. *Simama* ikiwa mshuko umetokea ndani ya siku chache, au ikiwa chini ya sakafu hiyo hupita bomba la gesi au nyaya za umeme.

Katika baadhi ya maeneo mshuko hausababishwi na kifusi chako hata kidogo. Mexico City, iliyojengwa juu ya mfinyanzi wa ziwa la kale, imeshuka kwa mita kadhaa katika karne ya 20 kwa sababu ya maji ya chini ya ardhi yaliyovutwa na visima. Mshuko wa eneo zima hauwezi kuzuiwa na mwenye nyumba mmoja, bali hupaswa kujulikana kabla ya kununua.

Dalili ya nne: unyevu na chumvi nyeupe sehemu ya chini ya ukuta

Visababishi, kwa mpangilio wa kawaida, ni udongo wa nje uliorundikwa hadi juu ya karatasi ya kuzuia unyevu (ile inayolazwa ndani ya ukuta, karibu na chini, ili maji ya ardhini yasipande), maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini na kugonga ukuta, karatasi hiyo kukosekana au kupasuka, na maji ya chini ya ardhi kuwa karibu na uso. Jaribio la kwanza ni koleo: shusha udongo wa nje uwe angalau milimita 150 chini ya karatasi, kisha subiri miezi michache. Kwa sakafu, gandisha kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne kwa siku moja. Matone yakiwa chini ya nailoni yanatoka ardhini, yakiwa juu yanatoka hewani.

Kupiga plasta mpya ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu hupandisha maji juu zaidi, na baada ya muda utaona mstari uleule wa chumvi umehama. Zege likianza kuwa laini au kumeguka kwa vipande, au nondo zenye kutu zikionekana, acha na uombe kipimo cha salfeti na kloridi za udongo na maji. Udongo wenye salfeti nyingi hula zege la kawaida, na hutaka saruji maalumu inayostahimili.

Dalili ya tano: ukuta wa kuzuia udongo umetoka tumbo, au mteremko unasogea

Karibu kila mara ni maji yaliyonaswa nyuma ya ukuta. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na ukuta uliopigiwa hesabu ya kuzuia udongo mkavu huelemewa ukiyabeba yote mawili. Tazama matundu ya kutolea maji: kama hayapo, au yameziba, au yamekauka wakati udongo wa nyuma umelowa chapachapa, umekwisha kupata jibu. Yazibue kwa ufito kutoka pembeni, usisimame mbele ya ukuta. Visababishi vinavyofuata ni mzigo ulioongezwa juu, kama maegesho au rundo la kokoto, na msingi wa ukuta uliochimbuliwa kwa chini.

Mteremko wenyewe ukisogea, dalili huwa ni nguzo na miti iliyoinama upande mmoja, chemchemi mpya na, kilicho kibaya zaidi, ufa wa ardhini uliopinda kama mwezi mwandamo upande wa juu wa nyumba. *Hapa hakuna ukaguzi wa kujifanyia.* Ukiona ufa wa namna hiyo wakati wa mvua, toa watu nyumbani kwanza, wa chini ya mteremko wapashwe habari, kisha ndipo wataalamu waitwe.

Dalili ya sita: shimo limefunguka ghafla uani

Huwa ni bomba la maji taka lililovunjika, shimo la choo la zamani lililofunikwa bila kujazwa, kisiki kilichooza, au, kwenye maeneo ya mawe ya chokaa, pango lililoyeyushwa na maji. Zungushia kamba umbali mkubwa kuliko unaouona kuwa wa lazima, kwa kuwa kingo huning'inia. Kulijaza kwa kifusi bila kujua maji yanakokwenda ni kulilisha tu. Wala usiingie ndani ya shimo lolote lisilo na tegemeo kwa kina kinachofika kifuani. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.5 hadi 2, na ukuta wa shimo hauonyi kabla ya kuanguka.

Dalili za mali inayouzwa, ikiwemo kiwanja kitupu

Katika nyumba, tafuta matengenezo yaliyokuwa ya kificho: plasta mpya mahali pamoja tu, mlango uliorandwa kwa chini kwa mshazari, kabati lililowekwa mbele ya pembe, vigae viwili vitatu vya rangi inayokaribiana na vingine. Yoyote kati ya hayo si ushahidi wa udanganyifu, lakini kila moja linastahili swali, na muuzaji mkweli huwa na jibu na picha. Kagua nyumba za jirani kutoka barabarani pia. Nyufa zinazofanana katika nyumba tatu za mtaa mmoja zinaueleza udongo kuliko maelezo ya dalali.

Katika kiwanja kitupu, nyufa za ardhini wakati wa kiangazi ambazo zinaingiza vidole ni alama ya mfinyanzi unaosinyaa. Matete na nyasi za majimaji ni alama ya maji yaliyo karibu. Uso uliosawazika mno katikati ya mteremko, wenye vipande vya matofali na nailoni, ni alama ya kifusi. Chimba mashimo ya majaribio mawili au matatu, yapite kina cha msingi uliokusudiwa, na ikiwezekana yachimbwe mwishoni mwa msimu wa mvua ambapo maji ya chini yamepanda. Mchanga uliolegea na kujaa maji ni hatari ya pekee katika maeneo ya matetemeko: mtikisiko huugeuza kuwa uji kwa muda. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala ubavu yakiwa karibu mazima kwa sababu ardhi iliyoyabeba ilipoteza nguvu. Baada ya matetemeko ya 2010 na 2011 huko Christchurch, serikali ya New Zealand ilinunua maelfu ya nyumba katika maeneo yaliyoonekana hayafai kujengwa upya, kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hesabu ya uwekezaji, bei ya kiwanja na gharama ya msingi zijumlishwe kabla ya kulinganishwa na kiwanja kingine. Mfinyanzi laini hubeba chini ya kilonewtoni 75 (takriban uzito wa tani 7.5) kwa mita ya mraba, ilhali mfinyanzi mgumu hubeba 150 hadi 300; tofauti hiyo huamua kama utachimba mtaro wa kawaida au utalipia jamvi na nguzo. Kiwanja cha bei nafuu kinachodai nguzo kinaweza kuwa ghali kuliko kile ulichokiacha. Soma pia sharti za bima kuhusu mshuko wa ardhi na matatizo yaliyokuwepo kabla ya mkataba, kwani mwendo wa polepole huachwa nje mara nyingi.

Ripoti ya udongo ieleze tabaka na kina chake, usawa wa maji na tarehe uliopimwa, uwezo wa kubeba, unyumbufu wa mfinyanzi, chumvi, na pendekezo la aina ya msingi kwa jengo ulilolitaja, siyo kwa "jengo la kawaida". Mweleze mhandisi mapema kama unafikiria kuongeza ghorofa baadaye. Iandikwe katika mkataba wa ununuzi kwamba malipo ya mwisho yatategemea ripoti hiyo, na ikiwa muuzaji anakataa kuruhusu mashimo ya majaribio yachimbwe kwa gharama yako na kufukiwa tena vizuri, tafuta kiwanja kingine. Ukishajenga, piga picha za mitaro ya msingi ikiwa wazi, zenye futi ya kupimia kina ikionekana, na uziweke pamoja na ripoti na michoro ya mabomba. Mnunuzi wa siku za baadaye au mhandisi atakayeitwa kuangalia ufa wa kwanza ataanza kazi kutoka hapo.